Kukiri na Kukirishwa: Habari za Wakili Thurgood Marshall na Mapambano Yake na Polisi

Mwezi wa Januari mwaka 1960 wakili mmoja mweusi kutoka New York, mtu wa kimo kirefu na sauti nzito, alipelekwa kwa gari mpaka Kiambu, ambako watu wengi walikuwa wamekusanyika kuwasikiliza viongozi wao. Ofisa wa serikali ya kikoloni akamzuia, akamwambia kwamba hana ruhusa ya kuhutubia. Kwa masimulizi yake mwenyewe ya miaka ya baadaye, wakili yule aliomba walau awaamkie watu kwa neno moja tu, na ombi hilo likakubaliwa. Basi akapanda juu ya gari, akapaza sauti, akasema: Uhuru! Umati ukapokea kwa kelele za shangwe ambazo ofisa yule hakuzitarajia.

Hadithi hii husimuliwa aghalabu kwa kuchekesha, na Thurgood Marshall mwenyewe alikuwa bingwa wa kuchekesha watu. Lakini mtu aliyezuiwa kusema, akachagua neno moja, akalichagua barabara, hakuwa mgeni katika mambo ya maneno na askari. Alikuwa amekwisha kutumia zaidi ya miaka 20 akibishana mahakamani juu ya maneno waliyosemeshwa watu weusi katika vituo vya polisi vya Marekani ya Kusini. Habari hizo ndizo ninazokusudia kuzieleza. Kesi ya shule ya mwaka 1954, ambayo ndiyo iliyompa jina duniani, nitaipita, kwa kuwa imeandikwa na wengi na kila mwanafunzi wa historia anaijua.

Msomaji wa jarida hili ana haki ya kuuliza mtu wa isimu anatafuta nini katika mafaili ya mahakama. Jawabu langu ni hili. Lugha yetu ina kitenzi kukiri, tulichokipata kutoka Kiarabu, na tunacho pia kuungama, ambacho wafasiri wa Kikristo walikipa kazi ya kueleza toba ya dhambi, na ambacho mahakama za Tanzania zimekichukua kwa maana ya mtuhumiwa kukubali kosa. Vyote viwili, katika umbo lao la asili, vinamfanya msemaji kuwa mtendaji: mimi nakiri, yeye aliungama. Lakini sarufi yetu inatupa njia ya kusema jambo jingine kwa kuongeza viambishi viwili tu: alikirishwa. Hapo yule anayenena si mtendaji tena, bali ni mtendewa, na mtendaji ni mwingine, ambaye huenda hata jina lake halikutajwa. Taarifa ya polisi, popote duniani, huandikwa kwa umbo la kwanza. Kazi kubwa ya Marshall katika kesi ninazozieleza hapa ilikuwa kuionyesha mahakama kwamba kile kiambishi cha kusababisha kilikuwapo, kikafutwa na aliyeshika kalamu.

Marshall alizaliwa Baltimore, katika jimbo la Maryland, tarehe 2 Julai 1908. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, akamaliza mwaka 1933 akiwa wa kwanza darasani. Mkuu wake pale, Charles Hamilton Houston, aliwafundisha vijana wake kwamba wakili mweusi asiyepigania mabadiliko ya jamii ni mzigo kwa jamii hiyo. Mwaka 1936 aliingia katika ofisi ya New York ya chama cha NAACP, ambacho kilikuwa kikitetea haki za watu weusi tangu 1909, na mwaka 1940 akawa mkuu wa mfuko wa utetezi wa sheria uliozaliwa na chama hicho. Jumla ya kesi alizozitetea mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa miaka yake yote ya uwakili wa chama, ni 32, na alishinda 29.

Mwaka huo huo wa 1940, tarehe 12 Februari, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya Chambers dhidi ya jimbo la Florida. Jina la Marshall lilikuwa miongoni mwa mawakili wa upande wa wafungwa. Mzee mmoja mzungu alikuwa ameuawa na kuibiwa katika mji wa Pompano mwezi wa Mei 1933. Katika muda wa saa 24 walikamatwa watu weusi baina ya 25 na 40, bila hati yoyote. Waliulizwa maswali kwa siku tano mchana kutwa, na mwisho wake usiku kucha, bila wakili, bila ndugu, hadi kulipopambazuka wanne kati yao wakavunjika. Katika hukumu umo ushahidi wa jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko hoja zote za sheria. Mmoja wa wafungwa alipokwisha kusema, wakili wa serikali aliitwa usiku aje kuyaandika maneno yake. Akayasoma, akasema kwamba siyo anayoyataka, karatasi ichanwe, na aitwe tena watakapopata kitu cha maana. Kabla ya jua kuchomoza kilipatikana kitu cha maana. Jaji Hugo Black, mzaliwa wa Alabama, aliandika kwa niaba ya majaji wote kwamba maneno yaliyopatikana kwa njia hiyo hayawezi kumtia mtu kitanzini, hata kama hakuna alama ya fimbo mwilini mwake.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa ushindi wa karatasi. Mwezi mmoja kabla ya hukumu hiyo, katika jimbo la Oklahoma, kijana mweusi aliyeitwa W. D. Lyons alikuwa amekamatwa kwa tuhuma ya kuwaua mume, mke na mtoto wao, ambao nyumba yao ilichomwa moto usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1940. Alipigwa. Kisha, usiku wa maswali, yaliletwa mifupa ya marehemu kutoka majivuni, ikawekwa mapajani pake. Alfajiri alikiri. Jioni ile ile, akiwa amekwisha kuhamishwa kupelekwa katika gereza la McAlester, alikiri mara ya pili.

Marshall alikwenda kumtetea katika mji mdogo wa Hugo mwezi wa Januari 1941. Watu weusi wa mji ule walipanga alale kila usiku katika nyumba nyingine, ili asijulikane yuko wapi. Mahakamani aliwahoji askari mmoja mmoja, na barua aliyoiandikia ofisi yake New York inaonyesha jinsi alivyofurahia kuwaona wazungu waliojaa ukumbini wakistaajabu kusikia polisi wao wakipingana wao kwa wao. Hata baba wa mwanamke aliyeuawa alikuja kutoa ushahidi upande wa utetezi, akaeleza maneno ya majigambo aliyoyasikia kwa mpelelezi mmoja juu ya rungu lililotumika kumpigia mfungwa. Ni nadra katika historia ya kesi za aina hii mfiwa kusimama upande wa mtuhumiwa, nami sijui ujasiri unaoupita huo. Juri ya wazungu watupu ilimwona Lyons ana hatia, lakini ikampa kifungo cha maisha badala ya kifo. Marshall alisema wazi kwamba adhabu hiyo ilikuwa ushahidi wa mashaka yao, kwani kwa mauaji ya watu watatu, na mtoto akiwamo, hakuna juri ya Kusini ambayo ingemsamehe kifo mtu mweusi iliyemwamini kuwa ndiye muuaji.

Rufani ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 5 Juni 1944 ikashindwa kwa kura sita kwa tatu. Majaji walio wengi walikubali kwamba ungamo la alfajiri halifai. Walakini la jioni, walisema, juri ilikuwa na haki ya kuliona kuwa la hiari, kwa maana saa kumi na mbili hivi zilikuwa zimepita na mazingira yamebadilika. Kwa lugha ya sarufi yetu, walihukumu kwamba mtu aweza kukirishwa alfajiri na kukiri jioni. Jaji Frank Murphy, aliyepinga, aliona kwamba maungamo hayo mawili hayatenganiki. Nami nadhani mtu yeyote aliyewahi kuogopa anajua kwamba Murphy ndiye aliyesema kweli: hofu haina saa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Marshall kushindwa katika mahakama hiyo. Lyons alikaa gerezani miaka zaidi ya 20, na mwaka 1965 alipewa msamaha wa gavana.

Katikati ya mambo haya yalitokea machafuko ya Detroit ya mwezi wa Juni 1943. Walikufa watu 34. Kati yao 25 walikuwa weusi, na 17 katika hao 25 waliuawa na polisi. Marshall alikwenda kukusanya ushahidi, kisha akaandika katika gazeti la chama makala ambayo kichwa chake kiliwafananisha polisi wa mji ule na Gestapo ya Wajerumani, wakati nchi yake ikipigana na Wajerumani hao hao.

Hata yeye mwenyewe alionja mkono wa polisi. Mwaka 1946, katika mji wa Columbia, jimbo la Tennessee, ugomvi juu ya redio iliyopelekwa kutengenezwa uligeuka vita. Polisi wa jimbo walivamia mtaa wa weusi, wakavunja maduka na kukamata watu zaidi ya 100, na wafungwa wawili wakauawa kwa risasi ndani ya jela. Watu weusi 25 walishtakiwa kwa jaribio la kuua. Marshall aliugua kichomi katikati ya kesi, na sehemu kubwa ya kazi ikafanywa na wenzake Z. Alexander Looby, Maurice Weaver na Leon Ransom. Juri ya wazungu, kwa mshangao wa wote, ikawaachilia 23. Mwezi wa Novemba alirudi kwa kesi ya washtakiwa wengine wawili. Jioni ilipokwisha, yeye, Looby, Weaver na mwandishi mmoja wa gazeti walipokuwa wakirudi Nashville, polisi waliwasimamisha, wakapekua gari wakitafuta pombe, wasipate kitu. Wakasimamishwa tena. Safari hii Marshall alitiwa ndani ya gari la polisi kwa tuhuma ya kuendesha gari akiwa amelewa, na wenzake wakaamriwa waendelee na safari. Looby aliliona gari lile linakata kuelekea mto Duck, mahali ambapo hapakuwa na mahakama wala kituo. Akageuza gari, akaifuata taa nyekundu ya nyuma, akakataa kuondoka. Kwa kuwa kulikuwa na mashahidi, askari walirudi mjini, wakampeleka Marshall kwa hakimu mmoja mzee, ambaye alimnusa pumzi, akasema mtu huyu hakunywa kitu, akamwacha aende zake. Looby ni mtu ambaye vitabu vingi vinampa mstari mmoja tu. Kwa maoni yangu, kule kugeuza gari kwake kuna haki ya kuhesabiwa pamoja na kesi zile 29.

Kesi iliyomwumiza zaidi ilikuwa ile ya Groveland, Florida. Mwezi wa Julai 1949 vijana weusi wanne walituhumiwa kumnajisi mwanamke mzungu. Mmoja aliwindwa na kundi la watu wenye bunduki, akauawa. Watatu waliobaki walipigwa katika chumba cha chini cha jela mpaka wawili wakakiri. Wa tatu, Walter Irvin, hakukiri. Huyu wa tatu anastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu anaonyesha kwamba kukirishwa si jambo la lazima. Askari aweza kuvunja mwili, neno asilipate. Hata hivyo alihukumiwa kifo pamoja na Samuel Shepherd. Na yule mwenye umri wa miaka 16, Charles Greenlee, alipewa kifungo cha maisha.

Mwezi wa Aprili 1951 Mahakama ya Juu ilizifuta hukumu za vifo, ikaamuru kesi ianze upya. Tarehe 6 Novemba mwaka huo sherifu wa wilaya, Willis McCall, ambaye kwa desturi ya Marekani huchaguliwa kwa kura kuwa mkuu wa polisi wa wilaya, aliwachukua Shepherd na Irvin kutoka gerezani usiku, wakiwa wamefungwa pingu pamoja. Njiani akawapiga risasi wote wawili. Alisema walimshambulia wakitaka kutoroka. Shepherd alikufa pale pale, lakini Irvin alijifanya amekufa, akapona, na kitandani hospitalini, mbele ya Marshall na waandishi wa habari, akaeleza kwamba hawakumshambulia mtu. Kwa hiyo zilikuwapo taarifa mbili za tukio moja, na mkuu wa polisi ndiye aliyesadikiwa. Harry T. Moore, kiongozi wa NAACP katika Florida aliyedai sherifu huyo asimamishwe kazi, aliuawa kwa bomu lililotegwa chini ya nyumba yake usiku wa Krismasi 1951. Mkewe Harriette alikufa siku tisa baadaye.

Marshall alimtetea Irvin mwenyewe katika mji wa Ocala mwezi wa Februari 1952. Ushahidi mkubwa wa serikali ulikuwa chapa za nyayo zilizochukuliwa kwa plasta. Utetezi ulimleta mtaalamu aliyezikagua chapa zile, akaeleza mahakama kwamba zilitokana na viatu ambavyo ndani yake hamkuwa na mguu. Juri haikukaa hata saa mbili, ikarudisha hukumu ile ile ya kifo. Mwaka 1955 gavana LeRoy Collins aliibadilisha kuwa kifungo cha maisha. McCall aliendelea kuwa sherifu hadi 1972. Msamaha wa gavana kwa wote wanne ulitolewa Januari 2019, na mahakama ya wilaya ile ile ikaifuta kesi Novemba 2021, hali wote wanne wamekwisha kufa.

Hapana budi sasa tumrudie yule wakili juu ya gari. Marshall alikuja Kenya kwa mwaliko wa wajumbe Waafrika wa Baraza la Kutunga Sheria, na Tom Mboya ndiye aliyekuwa mbele katika jambo hilo, ili awe mshauri wao katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, ulioanza Januari 1960. Kazi aliyopewa ilikuwa kuandika rasimu ya Hati ya Haki. Sehemu iliyopata mashaka mengi ni ile ya ardhi na fidia, kwa kuwa katika Kenya huru wachache waliohitaji kulindwa wangekuwa wazungu na Wahindi. Marshall aliona kwamba kanuni aliyoidai kwa watu wake huko kwao hawezi kuikataa kwa watu wengine hapa, na alipozuru tena Julai 1963 alionyesha wasiwasi wake juu ya haki za Wahindi. Katiba ya uhuru haikuyafuata maneno ya rasimu yake. Ilifuata mfano wa Nigeria na Mkataba wa Ulaya.

Nchi aliyoikuta mwaka 1960 ilikuwa inatoka katika Hali ya Hatari, na mambo yake hayakuwa mageni kwake. Tangu 1952 makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wamechujwa na kutiwa kambini, na mlango wa kutokea ulikuwa kukiri kiapo. Asiyekiri hakutoka. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa mpaka kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Kitenzi hicho nacho ni cha kutenda: walikunywa. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitamka Bungeni majuto yake juu ya mateso ya enzi ile, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Mwaka 1961 Marshall aliteuliwa kuwa jaji wa mahakama ya rufani, mwaka 1965 akawa Wakili Mkuu wa Serikali, na mwaka 1967 jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu. Mwaka 1966, katika kesi zilizosikilizwa pamoja na ile mashuhuri ya Miranda, juu ya wajibu wa polisi kumwonya mtuhumiwa kabla ya kumhoji, Marshall alisimama upande wa serikali ya Muungano, yaani upande ulioshindwa. Wanaomtukuza huipita habari hiyo kimya. Mimi sioni sababu ya kuificha. Wakili wa serikali humsemea mteja wake, na mteja wake safari hii alikuwa dola. (Hapa niongeze kidogo kwa faida ya wanaoshughulikia istilahi: maelezo ya onyo ya mahakama zetu hayakutokana na Miranda, kama ninavyosikia wanafunzi wakidai, bali na kanuni za majaji wa Uingereza zilizoanza mwaka 1912.)

Kisha, kwa sadfa ambayo mtunzi wa riwaya angeogopa kuitumia, jina la Lyons lilirudi mbele yake. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1976 polisi wa Los Angeles walimsimamisha kijana mweusi, Adolph Lyons, kwa ajili ya taa mbovu ya nyuma ya gari. Aliweka mikono kichwani kama alivyoamriwa. Alipolalamika kwamba funguo alizoshika zinamwumiza, askari mmoja akampiga kabali mpaka akazimia. Alipozinduka alikuwa kifudifudi chini, anatema damu na udongo, amejichafua. Wakampa hati ya kosa la taa, wakamwachilia.

Lyons aliitaka mahakama iwakataze polisi kutumia kabali pasipo hatari ya kifo. Tarehe 20 Aprili 1983 majaji watano dhidi ya wanne walikataa, kwa hoja kwamba hakuweza kuthibitisha kuwa yeye mwenyewe atakabwa tena. Aliyeandika maoni ya upinzani alikuwa Marshall, mwenye umri wa miaka 74. Alihesabu kwamba watu wasiopungua 16 walikuwa wamekufa baada ya kupigwa kabali na polisi wa mji ule, na 12 katika hao walikuwa wanaume weusi. Akaeleza pia, kwa kutumia ushahidi wa kesi, namna mambo yanavyokwenda. Mtu akikabwa hukosa hewa. Akikosa hewa mwili wake hutapatapa bila yeye kutaka. Naye askari, akiuona mwili unatapatapa, huandika kwamba mtuhumiwa alipinga.